Shajara ya mradi: Corolla 110 linalochemsha kwenye foleni

Jumamosi, 3 Februari 2024: dalili, na hukumu ya fundi wa kwanza

Gari linaloshughulikiwa ni Toyota Corolla AE110 la mwaka 1998, lenye injini ya 5A-FE ya lita 1.5 na gia za otomatiki. Likitoka Kibaha kuelekea Chalinze kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, sindano ya joto hukaa chini kidogo ya mahali pake pa kawaida na haitikisiki, hata kiyoyozi kikiwa kinafanya kazi. Likiingia foleni ya Buguruni jioni, katikati ya malori yanayokwenda na kutoka bandarini kwa Barabara ya Mandela, sindano huanza kupanda, na kiyoyozi kikiendelea kuwaka hufika karibu na alama nyekundu. Kiyoyozi kikizimwa na hita ikawashwa kwa upepo wote, sindano hurudi taratibu, kwa sababu hita ni rejeta (kipoza maji ya injini) ndogo ya pili iliyomo ndani ya gari. Njia hiyo inaokoa injini, lakini mwezi wa Februari Dar es Salaam ni adhabu kwa waliomo ndani.

Fundi wa kwanza alisikiliza maelezo kwa muda mfupi, akasema gasketi ya silinda hedi, yaani kizibo bapa kati ya kichwa cha injini na sehemu yake ya chini, imeungua. Alitaka shilingi 650,000 kwa kushusha hedi, kuipeleka ikasawazishwe kwenye mashine, na kufunga gasketi mpya. Gasketi ikiungua kweli gari huchemsha, lakini haichagui barabara: gesi ya mwako inayovuja kuingia kwenye maji huongezeka injini inapobeba mzigo, kwa hiyo mlima na mwendo wa kasi vingekuwa vibaya kuliko foleni. Hapa mambo ni kinyume chake.

Kabla ya kulipa hata senti, nilikagua yale yanayoweza kukaguliwa bure. Mafuta ya injini kwenye kijiti ni meusi ya kawaida, hayajageuka rangi ya chai ya maziwa. Injini ikiwa baridi, mfuniko wa rejeta ukiwa umefunguliwa, nimeiwasha na kutazama maji: hayatoi mapovu mfululizo. Bomba la moshi halitoi moshi mweupe baada ya injini kupata joto, na mpira wa juu wa rejeta, yaani bomba la maji yake, haukakamai dakika za mwanzo baada ya kuwasha asubuhi. Hakuna hata dalili moja ya gasketi. Kwa hiyo hedi haitaguswa mpaka mengine yote yaondolewe shaka.

Dhana ninayoanza nayo ni hii: gari linalopoa likikimbia na kuchemsha likisimama lina maji ya kutosha yanayozunguka, ila halina hewa. Kasi ya kilomita 80 huisukumia rejeta hewa bila msaada wa kitu chochote. Kwenye foleni kazi hiyo yote huwa ya feni. Fundi alikwisha kulijibu hilo kwa kunionyesha feni, ambayo ilikuwa inazunguka tangu ufunguo ulipowashwa. Jibu lake ndilo linalofanya tatizo hili liwe gumu.

Anayefuata kazi hii akumbuke mambo mawili. Mfuniko wa rejeta haufunguliwi injini ikiwa ya moto, na mkono hauingizwi karibu na feni ya umeme kabla ya kuchomoa waya wa betri, kwa kuwa feni ya aina hii inaweza kujiwasha yenyewe hata injini ikiwa imezimwa.

Jumamosi, 10 Februari 2024: upande wa maji

Ingawa shaka yangu iko kwenye hewa, maji yalianza, kwa sababu ni rahisi kuyafikia na kwa sababu yaliyotoka yalikuwa na rangi ya kutu. Gari limekuwa likijazwa maji ya kisima, na visima vingi vya Dar es Salaam vina chumvi. Nilisafisha mfumo kwa maji safi mpaka yakatoka meupe. Hapo hakuna la kueleza zaidi.

La kueleza ni themostati, vali inayofungua njia ya maji kwenda kwenye rejeta yakipata joto. Nilipofungua makazi yake nilikuta hakuna kitu: mtu aliitoa zamani na kufunga makazi matupu. Mafundi wengi hufanya hivyo kwa hoja kwamba nchi yetu ni ya joto na themostati ni ya nchi za baridi. Kwa injini hii hoja hiyo ina madhara mawili. La kwanza ni kwamba injini hukimbia baridi barabarani, ndiyo maana sindano ilikuwa inakaa chini ya kawaida, na kompyuta ya injini huongeza petroli ikidhani bado haijapata joto. La pili ni kwamba kitabu cha ufundi cha Toyota chenyewe kinaonya themostati isitolewe hata kama injini inaelekea kuchemsha, kwa kuwa kuitoa hupunguza uwezo wa kupoza: maji yanakuwa na njia ya mkato iliyo wazi muda wote, na sehemu yake hurudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta.

Themostati ya kwanza niliyonunua Gerezani, Kariakoo, ilikuwa ya shilingi 12,000. Kabla ya kuifunga niliitundika kwa uzi ndani ya sufuria ya maji jikoni, pamoja na kipimajoto, bila kuiruhusu iguse sufuria. Ya injini hii inapaswa kuanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84, na kufika nyuzi 95 iwe imefunguka angalau milimita 8. Ile ya 12,000 ilibaki imefunga mpaka maji yakachemka kabisa. Ingefungwa hivyo, gari lingechemsha popote, na hapo kila mtu angekubali kwamba gasketi imeungua. Duka halikukubali kuirudisha. Ya pili ilikuwa ya shilingi 35,000, ikaanza kufunguka nyuzi 82, ikafungwa pamoja na mpira wake wa shilingi 3,000.

Mfuniko wa rejeta nao ulikuwa na mpira uliopasuka. Wengi huudharau kwa kuwa unafanana na kifuniko tu, lakini ni vali ya presha. Usawa wa bahari maji huchemka nyuzi 100. Mfuniko ulioandikwa 0.9, ambayo ni namba ya presha, ukishika presha yake, maji hayo hayo huvumilia hadi karibu nyuzi 118, na kulanti (dawa ya maji ya rejeta) huongeza nafasi hiyo zaidi. Kwa msomaji wa Nairobi, ambako maji yasiyo na presha huchemka kwenye nyuzi 94 au 95 hivi kwa sababu ya mwinuko, mfuniko mbovu ni hatari kubwa zaidi: injini inaweza kutokota nyuzi moja au mbili tu baada ya feni kujiwasha. Nimenunua mwingine wenye namba ileile, shilingi 20,000. Kuweka wenye namba kubwa zaidi ili kujihami si busara kwenye rejeta na mipira ya umri huu.

Nilijaza mchanganyiko wa nusu kulanti na nusu maji ya betri. Kulanti ya lita 4 ilikuwa shilingi 40,000, na maji shilingi 10,000. Pua ya gari iliinuliwa kwenye ukingo, hita ikawekwa kwenye moto, injini ikaachwa iunguruke na mfuniko ukiwa wazi mpaka hewa iliyonaswa ikatoka na kiwango kikaacha kushuka.

Matokeo: barabarani sindano sasa inakaa mahali pake pa kawaida. Kwenye foleni inachelewa kupanda, lakini inapanda.

Jumamosi, 17 Februari 2024: feni inayozunguka lakini haipozi

Corolla hili lina feni mbili za umeme zilizokaa bega kwa bega nyuma ya rejeta. Moja ni ya rejeta, nyingine huwashwa na kiyoyozi. Zote mbili zinatakiwa kuvuta hewa kutoka mbele ya gari, kuipitisha kwenye kondensa (kipoza gesi ya kiyoyozi), kisha kwenye rejeta, na kuitupa upande wa injini.

Kipimo ni karatasi moja ya A4. Injini ikiwa inaunguruma na feni zote zikizunguka, karatasi iliyowekwa mbele ya kondensa inapaswa kunaswa na kubaki imeganda. Upande wa feni ya kiyoyozi iliganda vizuri. Upande wa feni ya rejeta ilirushwa na kuanguka chini. Nilirudia kwa moshi wa ubani kwenye chetezo, na hapo mambo yakaonekana wazi kuliko nilivyotarajia: moshi uliokuwa mbele ya feni ya rejeta ulisukumwa kuja mbele, ukazunguka, ukaingia tena upande wa pili kwa feni ya kiyoyozi.

Feni ya rejeta ilikuwa inazunguka kinyume. Hilo linaeleza kila dalili iliyoandikwa tarehe 3. Kwenye mwendo wa kasi upepo unaoingia mbele unaizidi nguvu, kwa hiyo gari linapoa. Kwenye foleni feni hutupa mbele hewa yenye joto la injini. Kiyoyozi kikiwashwa, feni ya pili huivuta hewa hiyo hiyo iliyokwisha kupata moto na kuirudisha kwenye rejeta, huku kondensa nayo ikiongeza joto lake. Gari lilikuwa linapozwa kwa hewa yake lenyewe.

Chanzo kilikuwa chini ya tepu nyeusi. Mota ya feni iliwahi kubadilishwa kwa mota iliyotumika, plagi yake ikakatwa, na waya zikaunganishwa kwa kusokotwa kwa mikono. Mota ya aina hii ikipewa chanya kwenye hasi huzunguka bila kulalamika, ila kwa upande wa pili. Anayetazama kwa macho haoni kasoro, kwa sababu panga zinapokuwa kwenye kasi hazionyeshi zinakoelekea. Ndiyo sababu kila aliyefungua boneti alisema feni ni nzima.

Tulibadilisha waya mahali pake, na karatasi ikaganda pande zote mbili. Jaribio la jioni lilikuwa zuri ila halikutosha: bila kiyoyozi sindano ilitulia, na kwa kiyoyozi ilipanda kidogo baada ya kusimama muda mrefu.

Jumapili, 18 Februari 2024: umeme wa feni

Kipimo cha umeme kilitoa sababu iliyobaki. Injini ikiunguruma, betri ilikuwa na volti 14.1, lakini kwenye mota yenyewe zilifika volti 11.0. Volti 3 zilikuwa zinapotea njiani, na feni inayokosa volti 3 husukuma hewa pungufu sana. Njia yenyewe ilikuwa waya mwembamba uliotolewa moja kwa moja kwenye swichi ya ufunguo, bila rilei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme mdogo ili kupitisha mkubwa. Feni iliwaka tangu ufunguo unapowashwa, na swichi ya ufunguo ilikuwa imebeba mzigo isioumbiwa.

Nilimwita kijana wa umeme wa magari turudishe mfumo wa kiwandani, na hapa ndipo penye mtego ambao ningependa kila mwenye Corolla la umri huu aufahamu. Kwenye magari mengi, swichi ya joto hufunga sakiti (huunganisha njia ya umeme) injini ikipata moto, na rilei huwasha feni. Kwenye AE110 mpango umegeuzwa. Swichi ya joto huwa imefunga sakiti injini ikiwa baridi, na hiyo ndiyo inayoivuta rilei ili feni isiwake. Maji yakifika nyuzi 93 swichi huachia, rilei inakosa umeme, na feni inawaka. Yakishuka hadi nyuzi 83 feni inazimwa. Faida yake ni kwamba waya wa swichi ukikatika au plagi ikichomoka, feni huwaka muda wote na injini inasalimika.

Duka lilitupa rilei ya kawaida ya pini nne, inayofanana kwa umbo. Tulipoifunga, feni ilianza kuzunguka injini ikiwa baridi, na kijana wa umeme akafurahi. Injini ilipopata moto, swichi ilipochomolewa kuiga hali ya joto kali, feni ikasimama. Gari lingeondoka karakana namna ile lingechemsha vibaya kuliko mwanzo. Tuliirudisha, tukachukua inayotakiwa, yaani ile inayopitisha umeme wa feni pale inapokuwa haijavutwa. Shilingi 8,000.

Swichi ya joto yenyewe iliingia kwenye sufuria kama themostati. Mpaka maji yanachemka ilikuwa bado imefunga, yaani feni isingewaka kamwe. Nadhani hapo ndipo historia yote ilipoanzia: swichi ilikufa, feni ikasimama, mtu akaamua mota imekufa, akaweka nyingine kinyume, na alipoona bado haiwaki akavuta waya wa moja kwa moja. Swichi mpya ilikuwa shilingi 28,000. Niliipima: inaachia karibu na nyuzi 93.

Waya mpya mnene, vibanio vya kuminya na mirija ya kufunika viungo viligharimu shilingi 12,000, na ufundi shilingi 30,000. Sasa kwenye mota zinafika volti 13.6.

Jumamosi, 24 Februari 2024: uchafu kati ya kondensa na rejeta

Rejeta ilivuliwa. Ukitazama kwa mbele kupitia grili, mapezi ya kondensa, yaani vibati vyembamba vinavyotoa joto, yalionekana masafi, lakini nyuma yake, kwenye nafasi nyembamba kati ya kondensa na rejeta, palikuwa na blanketi la vumbi, manyoya, mbegu za nyasi na wadudu. Kuosha gari kwa mbele hakufiki huko. Kinyume chake husukuma uchafu ndani zaidi. Tuliosha kutoka upande wa injini kwenda mbele kwa maji ya bomba ya kawaida, kwa sababu mashine ya presha ya waosha magari hulaza mapezi na kuziba njia ambayo mtu anataka kuifungua. Mapezi yaliyolala yaliinuliwa kwa ncha ya kisu kisicho na makali, kazi ya uvumilivu. Kuvua, kuosha na kufunga: shilingi 25,000.

Sponji za pembeni, zinazozuia hewa isipite kando ya rejeta, zilikuwa zimekwisha. Tumekata nyingine kwa shilingi 5,000. Hewa hufuata njia nyepesi, na palipo na upenyo itauacha mlango wa mapezi.

Fundi alishauri ninunue rejeta mpya ya shilingi 180,000 nikiwa tayari nimeivua. Nilinunua badala yake kipimajoto cha kumulika cha shilingi 45,000, nikapima uso wa rejeta baada ya kuifunga na kuipasha moto. Njia zilizoziba huonekana kama mistari ya baridi. Joto lilishuka sawasawa kutoka upande maji yanapoingia hadi yanapotokea, bila kiraka cha baridi. Rejeta ambayo haikushindwa Chalinze haina sababu ya kubadilishwa kwa ajili ya Buguruni, kwa hiyo ilibaki. Anayetumia kipimajoto hiki asikielekeze kwenye alumini inayong'aa, kwa maana kitasoma chini sana. Kimulike mpira, plastiki, au tepu nyeusi iliyobandikwa kwenye chuma.

Alhamisi, 14 Machi 2024: foleni ya kabla ya futari

Wiki ya kwanza ya Ramadhani haihitaji mtu kutafuta foleni. Saa kumi na moja na nusu jioni kila mtu anataka kufika nyumbani kabla ya magharibi, na kati ya Buguruni na Tabata gari lilisogea kwa hatua. Kiyoyozi kiliwashwa karibu muda wote. Sindano haikupanda. Nilisimama kando mara moja nikamulika mpira wa juu: nyuzi 91. Kilichonifurahisha zaidi ni kusikia feni ya rejeta, kiyoyozi kikiwa kimezimwa kwa dakika chache, ikiwaka, ikizima, na kuwaka tena, maana yake inafuata joto la maji na haizunguki kwa amri ya ufunguo.

Nyumbani nilikuta matone ya kijani chini ya gari. Mpira wa juu wa rejeta ulikuwa umechanika karibu na kibanio. Haukuwa mpya, na ulidumu muda wote huo kwa sababu mfuniko wa zamani haukuwa ukishika presha yoyote. Presha iliporudi, mahali dhaifu pakajionyesha. Mpira ulikuwa shilingi 22,000 na vibanio viwili shilingi 6,000. Anayebadilisha mfuniko kwenye gari kuukuu aibinye mipira yote kwa vidole siku hiyo hiyo, hasa kwenye ncha zake, na aibadilishe ile iliyokauka au iliyovimba kabla haijamwaga kulanti barabarani.

Jumamosi, 13 Aprili 2024: hesabu na yaliyobaki

Vifaa na ufundi vimefika shilingi 256,000, ikiwemo themostati ya 12,000 iliyotupwa. Pamoja na kipimajoto ni shilingi 301,000. Katika hizo, kugeuza feni izunguke panapotakiwa hakukugharimu chochote zaidi ya karatasi na ubani. Kwa mtu ambaye gari lake lina dalili hizi hizi, ningepanga kazi tofauti na tarehe zilivyofuatana hapa: karatasi kwanza, kisha volti kwenye mota, kisha kuchomoa plagi ya swichi ya joto ufunguo ukiwa umewashwa ili kuona kama feni inaitika. Vyote vitatu havimalizi nusu saa. Maji, mfuniko na themostati vifuate, na rejeta ivuliwe mwisho.

Kiwango cha kulanti kwenye chupa ya akiba hakijashuka tangu mpira ubadilishwe. Matumizi ya petroli yamepungua, ingawa sikuyapima kabla ya themostati kurudi, kwa hiyo sitayaandikia namba. Kilichobaki ni bamba la plastiki la chini ya bampa, ambalo gari halina. Kazi yake ni kuzuia hewa ya moto iliyo chini ya injini isizunguke na kurudi mbele ya rejeta wakati gari limesimama. Mvua za masika zimepunguza joto, hivyo upungufu wake hauonekani kwa sasa. Ninalitafuta lililotumika, lenye matundu yote ya skrubu, na litafungwa kabla ya Desemba.